Sarafu ya Gemu na Sarafu ya Dubwi



Kuna baba mmoja katika jumuiya mojawapo ya huku Nshambya, umri wake unakaribia miaka 45. Ukimtajia neno “gemu” uso wake unachangamka kama wa mtu aliyetajiwa senene mwezi wa Novemba. Alikulia Dar es Salaam, na anachokumbuka zaidi katika utoto wake ni mashine ya mashindano ya magari iitwayo OutRun, iliyotengenezwa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1986. Unatumbukiza sarafu, unashika usukani, unakanyaga mafuta, na gari jekundu linaondoka. Juu ya kioo sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma. Ukifika kituo kabla hazijaisha unaongezewa muda, na mbele barabara inagawanyika, uchague kushoto au kulia. Ukichelewa, basi, unashuka, wenzako wamepanga mstari nyuma yako.

Mimi sikuyajua hayo. Sisi tulioanza shule huku Kagera miaka ya 1970 hata runinga hatukuwa nayo. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya runinga mwaka 1994, nasi tulikwishaota ndevu. Mashindano yetu yalikuwa ya magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa, na ya ringi za baiskeli tulizozikimbiza kwa kijiti mteremkoni. Kila mtoto alijipa jina la dereva wa Safari Rally. Tuligombania kuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyeshinda mwaka 1973 na kisha mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Wazazi wetu walikuwa wakihesabu hasara za vita vya Kagera, sisi tunahesabu mizunguko. Mafuta ya magari halisi yalikuwa ya kubahatisha. Ya waya hayakuwahi kukwama kwa kukosa petroli.

Nawe msomaji una yako. Lakini Mhubiri, katika sura yake ya saba, anatuonya tusiulize kwa nini siku za zamani zilikuwa bora kuliko hizi, kwa kuwa swali hilo halitoki katika hekima. Ni onyo kali kwa watu wa umri wangu. Kumbukumbu ina tabia ya kuchuja: inabakiza kicheko cha wenzetu na kutupa njaa ya jioni ile ile.

Baba huyo alikuja ofisini parokiani akiwa na mkewe. Mama ndiye aliyeanza. “Padre, kile kibanda cha gemu kifungwe. Mtoto nampa sadaka Jumapili, inaishia kule. Litangaze altareni.” Mtoto ana miaka 12. Baba akatabasamu. “Padre, mke wangu anakuza mambo. Mimi nimekulia kwenye gemu, na leo si nalipa zaka?” Mama hakutabasamu. Akasema ameshakuta pengo hata kwenye fedha za daftari, na kwamba anazungumza na ukuta nyumbani kwake.

Wapo waamini ambao wangependa nimpe mama ushindi papo hapo. Wanadhani Kanisa lina shaka na mchezo. Basi wasome Mtakatifu Thomas wa Akwino, yule tuliyekesha naye seminarini. Katika Summa Theologiae anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na pumziko lake ni mchezo. Tena anathubutu kusema kwamba mtu asiyecheza kamwe, na anayewakera wanaocheza, anaweza kuwa na kosa. Anasimulia habari ya Mtume Yohane, ambaye watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, arushe mshale, kisha mwingine, na mwingine, halafu akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na nabii Zakaria, alipotaka kuonyesha Yerusalemu iliyopona, aliwaona wazee wameketi na mikongojo yao, na watoto wakicheza barabarani.

Kwa hiyo sikutangaza kitu. Nilimwomba baba twende wote kibandani Jumamosi.

Tulikuta runinga mbili, PlayStation mbili, na watoto wamejazana kwenye benchi kama senene kwenye taa. Wawili wanakimbiza magari, sita wanaelekeza. Baba alisimama pale macho yakimeta. Nadhani alikuwa Dar es Salaam kwa dakika nzima. Kisha tukasikia sarafu zikidondoka nyuma ya pazia. Huko lilikuwapo dubwi, ile mashine ya kamari, na mbele yake watoto wanne. Mmoja wao alikuwa mwanawe.

Baba hakumpiga, namshukuru Mungu. Alimwuliza tu, “Umeshinda ngapi?” Mtoto akasema juzi alipata, leo bado. Bado! Neno hilo ndilo lililomvunja baba. Sarafu aliyotumbukiza yeye utotoni ilimnunulia dakika chache za furaha, zikaisha, akaenda nyumbani. Sarafu ya dubwi inanunua kesho. Mtoto haendi nyumbani, maana mashine ina deni naye, au ndivyo anavyodhani. Na sheria ya nchi hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mwenye kibanda alilijua hilo, ndiyo maana kulikuwa na pazia.

Wazazi, hasa akina baba, nawaomba mwende mkaone kwa macho yenu. Mnasema “gemu” mkikumbuka ya kwenu, na watoto wanaitikia “gemu” wakimaanisha jambo jingine. Wapeni pia mfano wa Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025. Alikuwa na PlayStation, aliipenda, na alijiwekea saa moja kwa wiki.

Mwenyekiti wa mtaa amekwishapelekewa taarifa. Wiki hii pazia limeondolewa, dubwi bado lipo, na tunafuatilia. Baba alimwomba mkewe radhi mbele yangu. Mama alipokea, ila sadaka ya mtoto sasa anaishika mwenyewe mpaka mlangoni mwa kanisa. Jumamosi, saa moja tu, baba na mwanawe wanakaa kwenye benchi la mbele wakishindana magari. Baba ameshindwa mara tatu. Anadai pedi yake ina kitufe kinachokwama.