Mtukutu na gugu karoti: usivichanganye



Katika darasa moja la kisomo wilayani Serengeti tuliwaomba wanakisomo walete mmea wa dawa wenye maua meupe, tupate kuandika jina lake ubaoni. Wengi walileta matawi ya mtukutu. Mama mmoja akaja na gugu karoti, kalifunga vizuri ndani ya khanga! Tulishtuka. Mtukutu ni mti wetu wa asili. Gugu karoti ni mgeni kutoka Amerika, tena lina madhara.

Tuanze na mtukutu. Wajaluo huuita olusia, Wahaya mubilizi, Waganda mululuza. Kwenu mnauitaje? Waulizeni wazee.

Mti huu ni wa jamaa moja na alizeti. Litazame ua la alizeti kwa karibu. Utaona kwamba si ua moja, ni vijiua vingi vilivyokaa pamoja. Mtukutu nao uko hivyo hivyo, ila vichwa vya maua yake ni vidogo sana, vyeupe, na vimejaa kwenye ncha za matawi. Havina yale majani ya njano pembeni. Jioni maua hunukia vizuri, na nyuki huyapenda. Mti wenyewe ni kichaka, au mti mfupi wa mita 2 hadi 5. Gome lake ni la kijivu na linakwaruza. Jani ni refu kama kiganja, limechongoka, na ni chungu mno. Uko mimea ya ukoo wake yenye maua ya zambarau, hiyo siyo.

Gugu karoti halina shina la mti. Jani lake limechanika-chanika kama jani la karoti. Hapo ndipo utalitambua, hata kabla halijachanua. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Hapa Tanzania liligunduliwa mwaka 2010 huko Arusha, na limeonekana pia Masai Mara, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Linawasha ngozi na kubana kifua. Ng'ombe akilila, maziwa yanaharibika ladha. Ukiliona shambani, usilishike kwa mkono mtupu. Ling'oe kabla ya maua, kisha mwarifu bwana shamba.

Je, mtukutu unafaa nini? Mbuzi hula majani yake. Nyuki hupata chakula. Huko Nigeria na Kameruni watu huosha majani mara nyingi mpaka uchungu upungue, wakayapika mboga. Hata sokwe wanaujua! Mwaka 1987, katika hifadhi ya Mahale mkoani Kigoma, watafiti walimwona sokwe mgonjwa akimenya tawi la mtukutu na kufyonza moyo wake mchungu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Aliyewaeleza wenzake kwamba mti huo ni dawa kwa watu pia ni mwenyeji wa huko, Bwana Mohamedi Seifu Kalunde.

Lakini jamani, sisi si sokwe. Mtoto akiwa na homa, mpeleke zahanati akapimwe malaria. Tumeona watu wakinywesha majani siku tatu, nne, huku mtoto anazidiwa.

Kuuotesha ni kazi rahisi. Mvua zikianza, kata tawi lililokomaa, nene kama kidole gumba, urefu kama sentimita 30. Lisiwe bichi la kijani. Lichomeke ardhini likiwa limelala upande kidogo, macho yakitazama juu. Hivyo litachipua sehemu nyingi. Ukitaka ua wa boma, yapange karibu karibu. Zuia mbuzi mpaka mizizi ishike, maana watamaliza kila kitu! Ukirefuka, upogoe, nao utachipua upya.

Yule mama tulimpa vipande vitatu akapande mpakani mwa shamba lake. Viwili vimeshika. Cha tatu kililiwa na mbuzi wa jirani.