Je, Wajua? Hatari Iliyo Juu ya Paa

Je, wajua kwamba nyumba kongwe za Kampala zilizoezekwa kwa mabati mazito ya saruji, ya kijivu, yenye mawimbi mapana, mfano wa yale yaliyotengenezwa zamani mjini Tororo, yamkini zimebeba asbesto, madini ya nyuzi nyembamba mno ambazo, zikivutwa pamoja na pumzi, huweza kuzaa saratani ya mapafu au ya utando wake baada ya miaka 20, 30 au zaidi? Jicho halithibitishi; hukumu ni ya maabara. Bati zima lisiloguswa madhara yake ni haba. Msiba huanza kwa msumeno, keekee na ufagio mkavu. Basi kabla ya kulibandua bati hilo, waulizwe NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Lilowanishwe, lifungwe kwa plastiki nzito, na vipande, tafadhali sana, visitandazwe njiani wachezapo watoto.