Dere Alikuwa Amelewa? Hivi Ndivyo Utapata Faili Yake Kwenye Korti za Nakuru

Uki-Google "kesi za madereva walevi Nakuru" saa hii, utapata habari za Alcoblow, video za wasee wakibishana na makarao barabarani, na matangazo ya mawakili. Faili yenyewe ya korti hutaiona. Na si eti imefichwa. Katiba, Kifungu cha 50, inataka kesi isikizwe hadharani, na Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa gava. Faili iko. Iko tu kwa shelfu, ndani ya masijala ya korti fulani, na kazi yako ni kujua ni korti gani na uulizie kwa namba gani.

Kwa nini ujisumbue? Chukua familia ya Subukia ama Kuresoi ambayo kijana wao aligongwa usiku akiwa kwa nduthi, na dere alikuwa anatoka kula nyama Kikopey na mzinga mzima kichwani. Makarao wanamshika. Wiki zinapita, halafu mathe anaskia sokoni kwamba "yule jamaa alilipa faini akaenda zake." Familia nyingi huona stori imeisha hapo. Manze, hapo ndio inaanza.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 47A, inasema korti ikishampata mtu na hatia ya jinai, na muda wa rufaa ukipita, hiyo hukumu ni ushahidi tosha kwamba alifanya hilo kosa. Rufaa kutoka kwa hakimu ina siku 14. Kwa hivyo dere akikubali kosa leo na asikate rufaa, baada ya wiki mbili hiyo karatasi yenye muhuri wa korti ni silaha kwa kesi ya fidia. Anaweza bado kusema kijana wenu pia alichangia ajali. Lakini kusimama na kusema eti yeye hakufanya kosa? Zii.

Ubaya ni kwamba kuna saa inahesabu. Kesi ya fidia ya ajali ina miaka 3, kuanzia siku ya ajali kwa aliyeumia, ama siku ya kifo kwa familia ya marehemu. Haingoji kesi ya trafiki iishe. Wasee hukaa wakingoja "serikali imalize yake" mpaka miaka inawapita wakiwa wamekaa tu, na hakuna mtu wa korti atawapigia simu kuwakumbusha.

Sasa twende kwa kusaka. Kitu cha kwanza, toa kwa akili hilo neno "ulevi." Kosa lenyewe liko kwa Traffic Act, Cap 403, kifungu cha 44: kuendesha gari ukiwa umelewa mpaka huwezi kulidhibiti vizuri. Adhabu yake ni faini ya hadi Sh100,000, ama jela hadi miaka 2, ama zote mbili, na leseni inaweza kufungiwa. Lakini mtu akifa, karatasi ya mashtaka mara nyingi itataja kifungu cha 46, kusababisha kifo kwa kuendesha gari vibaya, ambacho kinaweza kumpeleka dere ndani hadi miaka 10. Na kuna zile kesi ambapo kila mtu kwa eneo la ajali alinusa keroro, lakini shtaka linalofika kortini ni kuendesha bila uangalifu, basi. Ukienda kwa karani ukauliza "kesi ya mlevi," atakuangalia tu. Ukiulizia kesi ya trafiki, kifungu fulani, tarehe fulani, mnaongea lugha moja.

Kwa nini shtaka la ulevi hupotea njiani? Sababu moja ni Alcoblow yenyewe. Ilianza kutumika barabarani mwisho wa 2013, kwa kanuni zilizotungwa 2011 ambazo zilisema kipimo ni maikrogramu 35 za pombe kwa kila mililita 100 za pumzi. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliangusha sehemu ya hizo kanuni kwa sababu zilikuwa zinagongana na sheria mama: kifungu cha 44 hakiulizi umepuliza namba gani, kinauliza kama ulishindwa kudhibiti gari. Hiyo ni ngumu kuthibitisha kuliko kusoma kimashine, hasa kama hakuna aliyemwona dere akiyumba. Binafsi naona hii ndio sehemu watu wa mtaani hawajawahi kuelezwa vizuri, ndio maana kila kesi ikianguka tunasema ni hongo tu. Wakati mwingine ni hongo, sikatai. Wakati mwingine ni ushahidi haukuwa.

Safari inaanzia kwa stesheni ya polisi, si kortini. Unataka vitu viwili: namba ya OB ya siku ya ajali, na abstract. Abstract ndio itakuonyesha namba ya gari, mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya sera ya bima, na hali ya kesi imefika wapi. Ukiona imeandikwa P.U.I., maanake bado wanachunguza, hakuna aliyeshtakiwa. Usiweke hiyo karatasi kwa droo ukadhani mambo yameisha. Rudi baada ya muda, uliza afisa anayeshughulikia faili kama dere ameshtakiwa, korti gani, na namba gani ya kesi ya trafiki. Kama ulipoteza mtu wako kwa hiyo ajali, Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 iko upande wako. Huombi favour.

Hapo kwa "korti gani" ndio ushago hutuchanganya. Nakuru si mji tu, kaunti ni ndefu. Ajali ya Kinungi utaitafuta Naivasha, ya Kuresoi utaitafuta Molo, ya Free Area utaitafuta Nakuru mjini. Ukipanda huko juu kuelekea Timboroa unaweza kupata faili iko Eldama Ravine, na hiyo ni Baringo. Mau Summit ukikata kushoto, kidogo tu uko Kericho. Usikisie kwa ramani. Uliza stesheni: "Kesi zenu nyinyi mnapeleka wapi?" Swali moja linakuokolea nauli ya mathree mara nne.

Kama huna namba ya kesi, tumia kalenda. Katiba inataka mshukiwa aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na hizo saa zikiishia wikendi, basi siku ya kwanza ya kazi. Walevi wengi hushikwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo anza na Jumatatu. Orodha ya kesi za siku, ile cause list, hubandikwa kortini na nyingi huwekwa kwa tovuti ya Kenya Law. Ila kumbuka dere anaweza kuachiliwa na bondi ya polisi na kupewa tarehe ya mbele, so usikate tamaa Jumatatu moja ikikosa jina lake.

Kenya Law ni ya bure na ni fiti, lakini jua inakupa nini. Zaidi ni hukumu za Mahakama Kuu kwenda juu. Dere akikubali makosa mbele ya hakimu wa Molo na kulipa faini, hakuna hukumu ndefu ya kuchapishwa. Kuna karatasi ya mashtaka, maelezo ya kosa, alichosema kujitetea, adhabu, na risiti. Utampata Kenya Law kama alikata rufaa Mahakama Kuu ya Nakuru ama Naivasha. E-filing nayo, iliyosambazwa nchi nzima Machi 2024, imesaidia kwa kesi mpya, lakini ya 2018 bado ni karatasi na vumbi.

Ukifika masijala, andika barua fupi: jina lako, namba ya kesi, unataka nini na kwa nini. Omba kuangalia faili kwanza, halafu nakala zilizoidhinishwa za karatasi ya mashtaka, mwenendo wa kesi na hukumu. Kuna ada, na inalipwa kwa eCitizen. Mtu akikuambia umtumie kwa simu yake "ndio aharakishe," toka hapo uulize dawati la huduma kwa wateja. Weka nakala ya barua yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo ndio itakusaidia ukilazimika kulalamika kwa Ombudsman wa Mahakama.

Na ukishapata, usikimbilie kuposti. Aliyeshikwa si aliyehukumiwa, na jina la mtu ukiliweka mtandaoni na "mlevi muuaji" kabla hakimu hajasema, wewe ndio utatafutiwa korti.

Kama dere mwenyewe alikufa kwa ajali, hutapata kesi ya jinai, kwa sababu marehemu hashtakiwi. Lakini fidia bado inaweza kudaiwa kupitia mali yake ama mwenye gari, na hapo utategemea abstract, mchoro wa eneo la ajali na mashahidi. Faili ya korti ikiwa "haionekani," rudi polisi: wao huwa na faili yao, na ofisi ya mashtaka pia ilipitia hiyo kesi. Korti inaweza kuijenga upya kutoka hizo nakala. Ila fanya hivyo mapema, kwa sababu Records Disposal Act, Cap 14, inaruhusu faili za zamani kuharibiwa kihalali kabisa.