Kinanda cha Zamani, Sauti ya Piano

Ukipita Nyakuron, Juba, Jumapili asubuhi, utasikia kinanda kabla hujaliona kanisa. Mara nyingi huwa ni Yamaha PSR ya vitufe 61, iliyopita mikono mingi. Ngoma zake za kujipiga zenyewe bado zinawainua watu vitini. Kazi huanza wimbo unapopoa na mpigaji akachagua sauti ya piano: hutoka mlio mkavu, wa bati, unaokufa mapema.

Si uchakavu. Vinanda hivyo viliundwa wakati kumbukumbu ya kielektroniki ilikuwa ghali, kwa hiyo watengenezaji walirekodi noti chache, wakazikata fupi na kukizungusha kipande kilekile mpaka sauti ififie. Piano ya kweli haiko hivyo. Ukiigonga kwa nguvu haiongezi sauti tu, inabadilisha hata rangi ya mlio wake.

Geuza kinanda. Nyuma yake, karibu na tundu la umeme, kuna matundu mawili ya duara, IN na OUT, yenye vishimo vitano kila moja. Hiyo ndiyo MIDI, lugha ya pamoja ya vinanda iliyozaliwa 1983 kwa juhudi za Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi wa Roland, watu waliokuwa wakigombea wateja walewale. Tundu hilo halipitishi sauti hata chembe. Linapeleka habari tu: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, kimeachiwa lini. Sauti inaweza kutoka kwingine.

Kwingine huko ni laptopu iliyochoka. Kinachohitajika ni waya wa MIDI unaoishia kwa USB, programu ya bure kama FluidSynth, na piano iliyorekodiwa. Alexander Holm aliirekodi Yamaha C5 kwa ngazi 16 za nguvu, akaigawa bure kwa jina la Salamander Grand Piano.

Hapo ndipo vituko huanza. Kichwa cha waya kilichoandikwa IN huingia OUT ya kinanda, ila nyaya nyingine za bei chee zimeandikwa kinyume. Ukiona kimya, vibadilishe kabla ya kumlaumu muuzaji. Kisha sauti huchelewa. Ucheleweshaji ukipita milisekunde 10 hivi, vidole huanza kujikwaa. Kwenye Windows, programu ya ASIO4ALL, nayo ya bure, huupunguza sana, ingawa ukiubana mno sauti hukwaruza. Na kama kinanda hakipimi nguvu ya kidole, hakuna programu itakayokifundisha. Afadhali kukijaribu dukani: kitufe kimoja, kwa upole, halafu kwa kishindo. Fedha inayobaki inunue pedali.

Jenereta ikizimika katikati ya wimbo, laptopu huendelea kwa betri yake. PSR nyingi nazo zina nafasi ya betri sita tumboni. Spika za kanisa ndizo zinazonyamaza, na mpigaji hubaki na piano yake tamu ndani ya visikizi, kwaya ikiimba bila kumsikia.