Pengo katika ukuta wa Spinalonga

Atembeleaye Spinalonga, kisiwa kidogo cha mawe mlangoni mwa ghuba ya Elounda huko Krete, huona kuta zilizobomoka na kudhani ni kazi ya vita na bahari. Lakini sehemu ya kuta hizo ililipuliwa kwa baruti mwaka 1939, ili wagonjwa wa ukoma wapate barabara ya kukizunguka kisiwa chao.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa na Venice mwaka 1579. Miaka minane kabla, Waturuki wa Dola ya Osmani walikuwa wameiteka Kupro, na Krete ilionekana kuwa ndiyo itakayofuata. Zama zilikuwa za mizinga: ukuta mrefu mwembamba haukufaa tena. Wahandisi walijenga kuta nene zilizoinama kwa nje, na buruji za nusu duara ambazo mizinga yake ilidhibiti mlango wa ghuba. Elimu hiyo ya Kiitalia ndiyo iliyofika Mombasa mwaka 1593, mhandisi Cairati wa Milan alipowachorea Wareno Ngome ya Yesu.

Spinalonga haina chemchemi. Maji ya mvua yaliteremka kwenye miamba na mapaa hadi kwenye mabirika ya mawe, na bila mabirika hayo mizinga isingefaa kitu. Krete ilipoangukia mikononi mwa Waosmani mwaka 1669, Venice ilibakiwa na ngome tatu tu za visiwani, hii ikiwa mojawapo. Ilidumu mikononi mwa Venice hadi 1715. Baadaye familia za Waturuki zilijenga nyumba ndani ya kuta.

Mwaka 1903 serikali ya Krete iliamua kisiwa kiwe makazi ya wenye ukoma, na wa kwanza walifika mwaka uliofuata, wakaingia katika nyumba zilizoachwa. Tiba haikuwapo, kilichokuwapo ni kutengwa. Ukuta uliojengwa kumzuia adui asiingie sasa ulikuwa wa kumzuia mgonjwa asitoke, ilhali kijiji cha Plaka kilionekana wazi ng'ambo.

Mwaka 1936 aliletwa Epaminondas Remoundakis, mwanafunzi wa sheria. Alianzisha umoja wa wagonjwa na kudai waishi kama raia. Wagonjwa walifungua maduka, wakaoana, wakalea watoto. Barabara ya 1939 ni ya kipindi hicho. Naiheshimu kuliko buruji zote za kisiwa hicho, kwa kuwa iliwawezesha watu waliofungiwa kutembea kando ya bahari.

Dawa za jamii ya salfoni zilipoanza kuutibu ukoma, sababu ya kuwatenga ilikwisha, na makazi yakafungwa mwaka 1957. Leo, kuta zinapokarabatiwa, kishawishi ni kuirudisha ngome ya Venice ikiwa kamili. Mapengo ya 1939 yasizibwe. Yaachwe wazi, na bango liwekwe papo hapo kueleza yalipasuliwa kwa ajili ya nani.