Glaida ya zamani yarudi angani: kazi ya gundi, vipuri na karatasi za mpakani

Kabla injini haijaguswa, fundi hutoa sarafu mfukoni. Huigonga taratibu juu ya bawa, kuanzia linapoungana na mwili wa ndege hadi kwenye ncha, huku ameinamisha sikio. Mlio mkavu na mkali unamaanisha plaiwudi bado imeshikana na ubao wa ndani. Mlio mzito, kama wa kugonga debe lililojaa nguo, unamaanisha gundi imeachia.

Mlio huo wa pili ndio unaoweza kuamua kama ndege itaruka tena au itabaki pambo la bandani.

Hivyo ndivyo kazi inavyoanza katika mabanda ya ndege huko Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, ambako wapenzi wa ndege za kale wanazirudisha angani glaida za injini zilizoundwa miaka ya 1960. Glaida ni ndege nyepesi yenye mabawa marefu, inayoelea kwa kutumia hewa inayopanda. Glaida ya injini ni hiyo hiyo iliyoongezewa injini ndogo. Inapaa yenyewe bila kuvutwa na ndege nyingine. Rubani akifika juu anazima injini na kuelea, akihitaji nguvu anaiwasha tena.

Mfanyabiashara wa Namanga, Tunduma au Mutukula anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu kinachochelewesha ndege hizi kuruka mara nyingi si ufundi. Ni kipuri kisicho na cheti, na kibali kinachoishia mpakani.

Mtoto wa nchi mbili

Mfano mzuri ni Fournier RF4D, ndege ya mbao yenye kiti kimoja. Mbunifu wake, Mfaransa René Fournier, hakusomea uhandisi wa ndege. Alikuwa msanii wa vyombo vya kauri, fundi wa udongo na tanuri, aliyejifunza mwenyewe kubuni ndege. Ndege yake ya kwanza, RF1, iliruka mwaka 1960 ikiwa na injini iliyotokana na ya gari la Volkswagen.

Iliyofuata kuingia sokoni, RF3, ilitengenezwa Ufaransa na kampuni ya Alpavia. Lakini ilipofika zamu ya RF4D, mwaka 1966, kazi ya kiwandani ilihamia ng'ambo ya mpaka, kwenye uwanja wa Dahlemer Binz, Ujerumani Magharibi, chini ya kampuni mpya ya Sportavia. Ramani za Mfaransa, mikono ya seremala wa Kijerumani, injini yenye asili ya Kijerumani iliyobadilishwa kwa ajili ya ndege na kampuni ya Kifaransa ya Rectimo. Ilikuwa miaka 21 tu tangu nchi hizo mbili ziache kupigana vita.

Ziliundwa zaidi ya 150. Bawa la RF4D lina upana wa mita 11.26 kutoka ncha hadi ncha, na ndege nzima ikiwa tupu haifiki kilo 300. Injini yake ina nguvu farasi zipatazo 40, chini ya gari dogo la siku hizi. Injini ikizimwa, kwa kila mita 1 inayoshuka ndege inasonga mbele mita 20 hivi.

Aliyeitangaza duniani ni mtu aliyeijua mipaka kuliko wengi. Mira Slovak alikuwa rubani wa shirika la ndege la Czechoslovakia. Mwaka 1953 aligeuza njia ndege ya abiria aliyokuwa akiirusha, akaipeleka Frankfurt na kuomba hifadhi. Baadaye alihamia Marekani. Mwaka 1968 akarudi Ujerumani, akaingia kwenye RF4D yenye injini hiyo ya farasi 40, akavuka Atlantiki hadi California. Mwisho kabisa wa safari, akiwa anakaribia kutua Santa Paula, ndege ilianguka na yeye akaumia vibaya.

Mwaka uliofuata alikuwa tena juu ya Atlantiki, ndani ya RF4D, akishiriki mashindano ya gazeti la Daily Mail kati ya London na New York.

Adui asiyeonekana

Ndege ya chuma ikichoka huonyesha kutu au ufa. Ndege ya mbao huficha ugonjwa wake. Mhimili wa bawa, ule ubao mrefu unaobeba uzito wote angani, umefunikwa kwa plaiwudi nyembamba pande zote, na hakuna anayeuona hadi bawa lipasuliwe.

Adui mkubwa ni maji. Kila bawa la mbao lina matundu madogo chini ya kutolea unyevu. Matundu hayo yakizibwa na vumbi au na rangi iliyopakwa bila uangalifu, maji hukaa ndani mwaka baada ya mwaka. Gundi za zamani zilizotokana na maziwa huoza zikilowa. Gundi za kemikali zilizokuja baadaye nazo zina udhaifu wake: baadhi hukauka kupita kiasi kadiri miaka inavyokwenda, hasa zikipata joto na unyevu kwa zamu, hadi zinavunjika kama kioo.

Usafiri wa anga uliwahi kulipa gharama ya somo hilo. Machi 31, 1931, ndege ya abiria aina ya Fokker F-10 yenye bawa la mbao ilianguka Kansas, Marekani, na kuua watu wote 8 waliokuwamo, akiwamo kocha mashuhuri wa mpira, Knute Rockne. Bawa lilikuwa limekatika angani baada ya unyevu kudhoofisha maungio ya ndani. Baada ya ajali hiyo mashirika ya ndege ya Marekani yalianza kuzikimbia ndege za mbao. Mwaka 1944, katika vita, ndege za kivita za Mosquito, za mbao pia, zilivunjika mabawa zikiwa India, na nyingine zikazuiwa kuruka hadi maungio yao yakaguliwe. Kasoro za kiwandani zilikuwamo, lakini hali ya hewa ya huko haikusaidia.

Yeyote anayeishi Mombasa, Tanga au Bujumbura na amewahi kuona mlango wa plaiwudi ukifumuka baada ya masika mawili hahitaji maelezo zaidi.

Ndiyo maana baada ya sarafu huja kamera nyembamba inayopenyezwa ndani ya bawa, kisha kipimo cha unyevu wa mbao. Shaka ikibaki, plaiwudi hukatwa na kuondolewa. Hapo ndipo wenye ndege wengi hukata tamaa. Mtu alinunua ndege kwa bei ya pikipiki mbili akidhani inahitaji rangi na oili, sasa anaambiwa bawa lifunguliwe lote, kazi ya miezi mingi ya seremala anayelipwa kwa saa. Kishawishi cha kufunika na kunyamaza ni kikubwa. Mkaguzi mwenye msimamo ndiye anayesimama kati ya kishawishi hicho na mazishi.

Mbao zikishakubalika, sehemu zinazofunikwa kwa kitambaa huvalishwa upya. Zamani kilikuwa cha pamba au kitani; sasa wengi hutumia polyesta. Kitambaa hugandishwa kwenye fremu kikiwa kimelegea kidogo, kisha hukazwa kwa pasi, pasi ya kawaida kabisa ya kunyooshea nguo, ila joto lake lazima lipimwe kwanza. Pasi ikiwa ya moto kupita kiasi, kitambaa hukaza hadi kinapinda fremu yenyewe.

Injini inayojulikana, kipuri kisichokubalika

Kwa upande wa injini mtu angetegemea nafuu. Volkswagen ile ya mviringo yenye injini nyuma iliuzwa duniani zaidi ya magari milioni 21 kabla ya uzalishaji kusimama Mexico mwaka 2003. Pistoni, silinda na vali za injini ya aina hiyo bado zinapatikana.

Injini iliyolala miaka mingi huwa na matatizo yanayojulikana na fundi yeyote wa gereji: kutu ndani ya silinda, sili zilizokauka, kabureta iliyoganda mafuta, magneto dhaifu. Petroli ya siku hizi iliyochanganywa na ethanoli huongeza tatizo kwa kulainisha mipira na rangi za ndani ya tangi ambazo hazikutengenezwa kwa mafuta hayo.

Tatizo ni karatasi. Kwenye ndege yenye cheti kamili cha usalama, kipuri hakikubaliwi kwa sababu kinaingia na kufanya kazi. Lazima kije na hati inayoonyesha kimetoka wapi, nani amekikagua na kimeidhinishwa kwa ndege ipi. Pistoni mbili zinaweza kutoka katika kiwanda kimoja siku moja. Yenye hati inafungwa, isiyo na hati inarudi dukani.

Wanaovusha bidhaa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaijua mantiki hiyo. Mahindi ya Mbeya ni yale yale upande huu na upande ule wa mpaka, lakini bila cheti cha uasili hayapati nafuu ya ushuru. Tofauti ni kwamba mwenye shehena ndogo, isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ana cheti kilichorahisishwa anachojaziwa pale pale mpakani. Ndege za kale nazo zina njia yao nyepesi. Nchi nyingi hutoa kibali maalumu cha kuruka, kisicho cheti kamili, ambacho humpa mkaguzi nafasi ya kukubali kipuri kwa kukipima badala ya kutazama karatasi pekee. Nchini Uingereza, ndege nyingi za kale na za kuundwa nyumbani hupita kwa Light Aircraft Association, chama ambacho wakaguzi wake husimamia kazi hatua kwa hatua.

Njia hiyo ndiyo imeokoa ndege nyingi ambazo viwanda vyake vilifungwa zamani. Ina bei yake, na bei hiyo hulipwa mpakani.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaotawala usafiri wa anga duniani, unazitaka nchi zitambue vyeti vya ndege vya nchi nyingine pale tu vinapofikia viwango vya chini vya kimataifa. Kibali maalumu hakifiki hapo. Ndege yenye kibali hicho inaruka kwa uhuru katika nchi iliyokitoa. Kuingia nchi jirani kunahitaji makubaliano kati ya nchi hizo au ruhusa ya mwenyeji. Kwa hiyo ndege iliyobuniwa na Mfaransa na kuundwa na Wajerumani inaweza kuhitaji ruhusa ili kutembelea uwanja ilikozaliwa. Uingereza nayo ilipotoka katika mfumo wa usalama wa anga wa Ulaya mwishoni mwa 2020, hati za matengenezo zilizokuwa zikivuka mpaka huo bila maswali zilianza kuulizwa.

Kanda hii ina chombo chake cha kupunguza maswali ya namna hiyo. CASSOA, wakala wa Jumuiya wenye makao Entebbe ulioanzishwa mwaka 2007, una kazi ya kuoanisha kanuni za usalama wa anga. Hata hivyo cheti bado hutolewa na kila nchi, na mkia wa ndege bado husema 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya na 5X kwa Uganda.

Mizani, kisha uwanja

Ndege iliyofumuliwa haiwi tena na uzito ule wa zamani. Rangi mpya, gundi mpya, redio iliyoongezwa, vyote vina kilo zake. Kwa hiyo hupandishwa kwenye mizani kama lori. Na kama ilivyo kwa lori kwenye mizani ya barabarani, jumla peke yake haitoshi. Inaangaliwa pia uzito umekaa wapi. Lori likizidisha kwenye ekseli moja dereva hutozwa faini. Ndege ikizidisha mkiani kwa kilo chache tu inaweza kupoteza mwelekeo ikipunguza mwendo, na rubani akashindwa kuinyoosha.

Siku ya kwanza huchaguliwa asubuhi isiyo na upepo. Rubani huwa peke yake, tena mwenye uzoefu na aina hiyo ya ndege, si lazima awe mwenye mali. RF4D ina gurudumu moja tu kubwa chini ya tumbo, kigurudumu cha mkiani na vijiti viwili vya kuzuia mabawa yasiguse ardhi, kwa hiyo hata kuikimbiza uwanjani kunataka mazoea. Kwanza anakimbia bila kupaa. Anasimama, wanafungua kifuniko cha injini, wanatafuta oili inayovuja. Boliti za rafadha, lile pangaboi la mbele, hukazwa upya kwa kipimo, kwa sababu ni ya mbao na mbao hunywea.

Akipaa, haendi mbali. Anazunguka juu ya uwanja akipanda, akisoma joto la oili kila dakika. Akiwa juu vya kutosha anapunguza mwendo hadi mabawa yaanze kutetemeka, anaangalia ni bawa lipi linataka kuanguka kwanza, anaandika kwenye karatasi iliyofungwa pajani.

Jaribio la injini huja baada ya hapo, katika safari nyingine, uwanja ukiwa chini yake na umbali wa kuufikia bila msaada wowote. Anaipoza injini, anafunga swichi. Rafadha inazunguka kivivu, inasimama. Walio chini hawasikii kitu. Ndege inaendelea na mzunguko wake, mabawa yale yaliyogongwa kwa sarafu yakiwa yameibeba.

Injini ikiwaka tena, anaandika muda. Ikikataa, anatua hivyo hivyo, na asubuhi ya pili kifuniko kinafunguliwa tena. Vyovyote itakavyokuwa, jioni hiyo daftari la ndege hupata mstari mpya chini ya ule wa mwisho, ambao wakati mwingine una tarehe ya miaka 20 iliyopita, na mkaguzi hutia sahihi pembeni.