Saa ya Maji Haikukosea

Swali la kwa nini saa za maji za kale zilikosea, hata saa moja ya Juni ikawa ndefu kuliko saa moja ya Desemba, limeulizwa kupita kiasi, na kila linapoulizwa huja na dhana ileile potofu kwamba watu wa kale walishindwa kuugawa muda sawasawa. Hapakuwa na kosa. Misri, Ugiriki na Roma ziliugawa mchana, uwe mrefu au mfupi, katika sehemu 12, na usiku vivyo hivyo. Kwa hiyo huko Aleksandria, ambako mchana wa Juni huzidi saa 14 na wa Desemba hukaribia 10, saa ya mchana ilirefuka kutoka takriban dakika 50 hadi 70. Maji yanayotiririka kwa kasi moja hayajui majira, na kuyafanya yapime saa zilizo sawa ndiyo kazi nyepesi. Kilichotaka akili ni kuyalazimisha yapime zisizo sawa. Chombo cha alabasta kilichopatikana Karnak, cha enzi ya Amenhotep wa Tatu katika karne ya 14 KK, kina ndani yake safu 12 za alama, kila mwezi na safu yake, ili saa za usiku zifuate majira. Kuuita ustadi huo kosa ni kumlaumu fundi kwa kutimiza alichoagizwa.

Wakazi wa Nakuru, nchini Kenya, huivutiwa na dhana hiyo kwa sababu ya mahali walipo, kwa kuwa mji uko karibu mno na ikweta na urefu wa mchana wake hutofautiana kwa dakika 2 hivi tu mwaka mzima. Hata hivyo, jua halichomozi huko saa kumi na mbili kamili, kama inavyodaiwa: katikati ya Februari huchomoza takriban dakika 46 baadaye, na mwanzoni mwa Novemba dakika 16, maana mhimili wa dunia umeinama, njia yake si duara kamili, na saa ya Kenya hufuata longitudo 45 ilhali Nakuru iko 36.

Anayetaka kuunda saa ya maji Nakuru asitoboe chupa iliyonyooka na kuchora mistari yenye nafasi sawa, kwani mtiririko hupungua kadiri kina kinavyoshuka. Atumie chombo kinachopanuka kuelekea juu, au chenye tundu la kumwagia ziada huku kikijazwa daima na kutiririsha maji kwenye chombo kingine chenye alama, achuje maji, apime alama kwa saa ya mkononi na aanze kwenye mawio, na safu moja ya alama itamtosha mwaka mzima.